Hesabu ya Joto, Saiq

Nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha
nimepiga mistari minne kwa wino wa buluu:
umeme, gesi, mafuta ya taa, kuni.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na daftari hili kanitafutia mama,
aliyepanda kwetu jabalini tangu Desemba
na soksi mbili mbili, na kanga juu ya sweta,
akiuliza kila alfajiri:
"Hivi huku jua nalo huja kwa zamu?"

Umeme, baisa kumi na nne kwa uniti.
Hita ya chumbani kwake hula uniti mbili kwa saa,
saa kumi, uniti ishirini.
Baisa mia mbili na themanini kwa kulala tu.
Mwezi, riali nane na baisa mia nne.
Pembeni nimeongeza kwa herufi ndogo:
upepo ukivuma, laini hukatika.
Na chini yake: huizima mwenyewe tukishalala.
Nimemsikia. Kitufe hulia kama mtu anayemeza mate.

Gesi, mtungi riali tatu
dukani kwa Muhanna, ukiwa umeshapanda mlima.
Unafika siku tisa. Mwezi, riali kumi,
na dirisha liachwe wazi shubiri moja,
maana moto wa gesi hunywa hewa ile ile uivutayo,
na kwa shubiri hiyo
baridi huingia yote, na mabegi yake.
Sasa hapo nimelipia nini?

Mafuta ya taa, lita mbili kila usiku,
lita kwa baisa mia tatu.
Mwezi, riali kumi na nane. Harufu ni nyongeza.
Imeshakaa kwenye mablanketi, kwenye mkate,
kwenye nywele za Ghaya;
mwalimu wake kaniletea kikaratasi cha adabu
kuuliza kama nyumbani tuna gereji.

Kuni.
Hapa kalamu ilisita, kwa sababu ya Azzan,
mume wangu, mzaliwa wa jabali hili.
"Moto ni kuni," husema. "Vingine vyote ni vyombo."
Lakini fungu la mgunga ni riali mbili
na halifiki usiku wa tatu.
Mwezi, riali thelathini!
Matawi ya mkomamanga, tukishapogoa, ni bure,
ila huwaka kama hasira ya mtoto,
na mreteni ule wa nyuma ya ukuta haugusiki;
umri wake umeizidi hati ya nyumba.

Nikajumlisha. Nikafuta. Nikajumlisha tena.
Umeme ndio rahisi,
na rahisi, alinifunza mwenyewe, huvunja upishi.

Saa nne asubuhi nikaenda kumsomea.
Kitandani hayupo. Jikoni hayupo.
Yuko uani, ndani ya pikapu ya Azzan,
vioo kavipandisha vyote,
soksi zote nne zimelala juu ya usukani,
na nyayo zake, zenye hina ya harusi ya juzi,
kaziegemeza dashibodi kwenye jua.
"Ingia! Funga mlango, joto linatoka."

Nikaingia. Kiti kilikuwa cha moto kama bakuli la uji.
"Sisi Wete," akasema, macho kayafumba,
"tulikuwa tukinunua baridi. Barafu, kipande senti tano,
unakwenda nayo mbio nyumbani, inakulilia mkononi.
Leo mie nanunuliwa joto.
Binadamu halipii alichonacho."

Nikamsomea mistari yote minne, na ya pembeni pia,
ila ule wa kitufe niliuruka.
Alisikiliza kama mtu asikilizaye matangazo ya vifo redioni,
akingoja jina analolijua.
"Na hii umeiandika wapi?"
"Ipi?"
Akagonga kioo kwa kucha. "Hii."

Sikuwa nimeiandika.
Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.
Akaichukua kalenda mkononi mwangu,
akaikunja mara mbili,
akaanza kujipepea.